Chumvi ya Mama, Figo za Mtoto

Nje ya lango la kliniki ya wajawazito iliyo karibu na kwangu anakaa mama mmoja muuza embe mbichi. Anazimenya, anazikata vipande virefu, anavipanga kwenye sinia, na pembeni anaweka kopo la chumvi iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Wateja wake wakubwa ni wanawake wanaotoka ndani na kadi zao mkononi. Wiki iliyopita nilisimama pale kama robo saa hivi. Dada mmoja, tumbo lake limekwishakuwa kubwa, alichovya kipande kwenye kopo, akala, akachovya kingine. "Mama kijacho, usiogope, jinyunyizie," muuzaji akamwambia. Yule dada akacheka, akajibu: "Nesi kaniambia chumvi niiache kabisa, maana miguu imevimba. Lakini mtoto ndiye anayeitaka."

Kauli hizo mbili, ya nesi na ya mama kijacho, zimekaa kichwani mwangu tangu siku ile. Nimetafuta yale ambayo watafiti wamekwisha kuyachunguza kuhusu chumvi na ujauzito, na nimeona kwamba kila kauli ina ukweli wake na kila moja imepotoka mahali. Kuna jambo zito zaidi ambalo halikutajwa pale nje wala, nadhani, kule ndani: figo ambazo mtoto yule ataishi nazo hadi uzeeni zilikuwa zinajengwa saa ile ile, mama yake akiwa amesimama juani anakula embe. Zikishajengwa hazijengwi tena.

Ndani ya figo kuna vichujio vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Wataalamu wanaviita nefroni. Ndivyo vinavyoamua chumvi kiasi gani itoke na mkojo na kiasi gani irudi kwenye damu, na kwa njia hiyo ndivyo vinavyoishika presha. Mtu mzima huwa na wastani wa karibu milioni moja katika kila figo, ila wastani huo unaficha tofauti kubwa. Wamepatikana watu wenye chini ya 300,000 na wengine wenye zaidi ya milioni mbili, wote wakitembea barabarani bila kujua wana akiba gani ndani.

Figo ya mtoto huanza kuchipuka mimba ikiwa na wiki tano hivi. Zaidi ya nusu ya vichujio huundwa katika miezi mitatu ya mwisho, na kufikia wiki ya 36 kazi imekamilika. Baada ya hapo figo hukua, vichujio hunenepa, lakini idadi yake haiongezeki hata kwa kimoja. Ini likikatwa kipande hujiotesha. Ngozi ikichanika huziba. Figo haikujaliwa hivyo, na ndiyo maana mtoto aliyezaliwa njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, huingia duniani na vichujio vichache kuliko wenzake na huzeeka navyo hivyo hivyo.

Mwaka 1988 daktari wa figo wa Boston, Barry Brenner, na wenzake walitoa hoja kwamba hapa ndipo presha ya watu wengi inapoanzia. Vichujio vikiwa vichache, kila kimoja hubebeshwa kazi ya viwili. Damu husukumwa ndani yake kwa nguvu zaidi, kinachoka, kinakufa, na mzigo wake unaviangukia vilivyobaki. Hoja hiyo ilikaa miaka mingi bila ushahidi wa moja kwa moja kwa binadamu, hadi 2003, watafiti wa Ujerumani walipohesabu vichujio katika figo za watu 20 waliokufa kwa ajali. Kumi kati yao walikuwa wakiishi na presha ya juu, kumi hawakuwa nayo. Wale wasio na presha walikuwa na takribani vichujio 1,429,000 katika kila figo. Wenye presha walikuwa na takribani 702,000. Nusu, au pungufu kidogo ya nusu.

Watu 20 ni wachache, na sitaki msomaji afikiri kesi imekwisha kwa hesabu ya watu 20. Lakini pengo lile ni kubwa mno kupuuzwa.

Aliyetufundisha kutafuta chanzo cha maradhi ya uzeeni katika siku za tumboni ni daktari Mwingereza ambaye alipata kufanya kazi huku kwetu. David Barker alikuwa Uganda kuanzia 1969, akichunguza kidonda cha Buruli, ugonjwa wa ngozi uliopewa jina la eneo la huko huko Uganda. Aliondoka nchi ilipokuwa mikononi mwa Idi Amin. Baadaye, akiwa Southampton, aligundua jambo lililomsumbua: sehemu za Uingereza zilizokuwa na vifo vingi vya watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndizo zilizokuwa na vifo vingi vya moyo miaka 50 baadaye. Wengi walikuwa wakisema moyo ni maradhi ya shibe. Ramani yake ilionyesha kwamba yalikuwa mengi zaidi kule kulikokuwa na umaskini zamani.

Akatafuta madaftari. Katika jimbo la Hertfordshire, tangu 1911, mkaguzi wa wakunga aliyeitwa Ethel Margaret Burnside alikuwa amewaagiza wakunga wake wapime uzito wa kila mtoto anayezaliwa, na wauguzi wampime tena akitimiza mwaka. Madaftari hayo yalihifadhiwa. Barker na wenzake wakawafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa humo kati ya 1911 na 1930, na mwaka 1989 wakachapisha walichokiona: waliokuwa wepesi kuliko wote walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Mizani ya mkunga ilikuwa imetabiri.

Ninapofikiria madaftari yale nazikumbuka kadi zetu za kliniki. Kila mama wa Tanzania na Kenya anayo, ina uzito wa mtoto, ina presha ya mama kila alipohudhuria, imejazwa kwa mkono wa muuguzi aliyechoka. Mtoto akifikisha miaka mitano kadi inageuka kufungia vitumbua. Itunzeni. Ni historia ya mwili wa mtu.

Sasa chumvi inaingilia wapi? Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, akiwemo profesa wa figo Eberhard Ritz, waliwagawa panya wenye mimba makundi matatu. Kundi moja lilipewa chakula chenye chumvi kidogo sana, moja chumvi ya wastani, moja chumvi nyingi. Watoto waliozaliwa walipohesabiwa vichujio, waliotoka kwa mama wa chumvi nyingi walikuwa navyo vichache, na madume yao walipokua presha yao ilikuwa juu. Hilo wengi wangelitarajia. Ambalo hawakulitarajia ni kwamba watoto wa mama waliokula chumvi kidogo sana nao walipata hasara ile ile: vichujio vichache, presha ya juu. Waliosalimika ni wale wa katikati.

Naomba msomaji akae kidogo na matokeo hayo, kwa sababu ndiyo kiini cha yote ninayoyaandika leo. Mwili wa mama una mfumo wa homoni unaohisi chumvi. Ikizidi, homoni hizo hunyamazishwa. Ikipungua mno, hupigiwa ngoma. Homoni hizo hizo, kwa mtoto aliye tumboni, ni miongoni mwa mafundi wanaojenga figo. Ukizinyamazisha au ukizichochea kupita kiasi wakati wa ujenzi, fundi anakosa mpangilio, na jengo linatoka na vyumba pungufu.

Kule Australia Magharibi, ambako ardhi kubwa imeharibiwa na chumvi, wafugaji hulisha kondoo vichaka vinavyoota kwenye udongo wa chumvi, na majani yake nayo huwa na chumvi tele. Watafiti walitaka kujua inakuwaje kwa wana-kondoo ambao mama zao walishiba majani hayo wakiwa na mimba. Walizaliwa wakiwa tofauti na wengine katika namna miili yao inavyoishughulikia chumvi, hata homoni zile nilizozitaja zilikuwa zimeshuka. Kwa mfugaji hiyo inaweza kuwa habari njema, kwani mnyama amezoeshwa tangu tumboni malisho atakayoyakuta. Kwa binadamu inatufundisha kwamba tumboni mtoto anasoma mazingira ya mama yake na kujipanga kwa ajili yake.

Panya si mtu, na kondoo si mtu. Figo ya panya huendelea kuunda vichujio kwa siku kadhaa baada ya kuzaliwa, jambo lisilotokea kwa mtoto wa binadamu aliyetimiza miezi. Tena hakuna mtafiti mwenye dhamiri anayeweza kuwashindilia wajawazito chumvi kisha akae miaka 50 akingoja kuona watoto wao watapata presha. Kwa hiyo kuhusu chumvi ya mama na presha ya mwanawe mtu mzima, ushahidi wa binadamu bado ni wa vipande vipande. Anayekuambia kwamba embe moja na chumvi itamtia mtoto ugonjwa wa figo anakudanganya. Anayekuambia chumvi ya mama haimhusu mtoto naye sayansi ya sasa haimuungi mkono.

Turudi kwa yule dada aliyesema mtoto ndiye anayeitaka. Hapa nilipata mshangao.

Mtoto aliye tumboni ana ulimi unaoonja. Vionjo vya ulimi huanza kujitokeza karibu na wiki ya nane, na katikati ya ujauzito anameza yale maji yanayomzunguka, maji ya chupa kama wanavyoyaita wakunga, ambayo sehemu yake kubwa wakati huo ni mkojo wake mwenyewe. Ladha za chakula cha mama hupenya humo. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia waliwapa wajawazito juisi ya karoti katika miezi ya mwisho. Watoto wao walipoanzishiwa chakula, walionekana kuipokea nafaka iliyochanganywa na karoti kwa furaha kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji tu.

Na kuhusu chumvi yenyewe, Susan Crystal na Ilene Bernstein wa Chuo Kikuu cha Washington waliuliza swali ambalo bibi yeyote wa Pwani angeweza kuliuliza: mama aliyetapika sana, mtoto wake anakuwaje? Walichokiona katika miaka ya 1990 ni kwamba watu wazima ambao mama zao walisumbuliwa mno na kutapika walipenda chumvi zaidi kuliko wengine. Watoto wa wiki 16 nao walionyesha mwelekeo huo huo. Micah Leshem wa Haifa, Israeli, aliona vivyo hivyo kwa vijana: waliopoteza maji na chumvi mapema maishani, kwa kutapika kwa mama au kwa kuharisha kwao wenyewe utotoni, walikua wakitafuta chumvi.

Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mama anayetapika anapoteza maji na chumvi, mtoto anahisi ukame, na mwili wake unaandika onyo: huku duniani chumvi ni adimu, ukiipata ishike. Kisha anazaliwa katika mji ambako chumvi ipo kwenye mkate, kwenye chipsi, kwenye kila kitu. Onyo alilobeba kutoka tumboni halikufutika.

Kwa hiyo kutapika kwa mjamzito kusifanywe jambo la kuchekwa wala la kuambiwa "ndiyo uzazi ulivyo, vumilia". Mama asiyekaa na maji tumboni siku nzima, mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, kizunguzungu kinampeleka huku na huku, apelekwe kituo cha afya. Zipo dawa, na yapo maji ya kutundikiwa. Anayemtibu mama anamtibu na aliye ndani.

Na nesi je? Aliposema chumvi iachwe kabisa hakuizua. Alirithi. Kwa miongo mingi katika karne iliyopita madaktari wa Ulaya na Marekani waliwanyima wajawazito chumvi wakiamini wanazuia kifafa cha mimba. Miguu ikivimba, waliona maji yamejaa mwilini. Chumvi hushika maji. Basi chumvi iondolewe. Hoja inapendeza masikioni. Mwaka 1958 daktari Margaret Robinson wa London alichapisha matokeo ya wajawazito zaidi ya 2,000, nusu wakiwa wameambiwa wapunguze chumvi, nusu waongeze. Presha ya mimba ilikuwa nyingi zaidi kwa walioambiwa wapunguze, na vifo vya watoto pia. Ugawaji wake wa makundi haukidhi viwango vya leo, kwa hiyo sisemi wajawazito waongeze chumvi. Baadaye majaribio mawili yaliyofanywa kwa utaratibu mzuri zaidi Uholanzi, ya wanawake 603 kwa jumla, hayakuonyesha kwamba kunyimwa chumvi kunazuia kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011, lilitamka wazi kwamba kupunguza chumvi wakati wa ujauzito kwa nia ya kuzuia kifafa cha mimba hakushauriwi.

Sababu iko kwenye damu. Mjamzito huongeza maji ya damu yake kwa karibu nusu ya yale aliyokuwa nayo kabla, ili kondo la nyuma lipate mtiririko wa kutosha. Maji hayo hayakai kwenye mishipa bila chumvi. Mwili wake unaidai kwa haki. Kuvimba kidogo kwa vifundo vya miguu jioni, hasa kwa aliyesimama siku nzima, ni jambo la wajawazito wengi, na dawa yake ni kupumzika na kuinua miguu.

Ninawaheshimu manesi wetu kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Mmoja huwahudumia wanawake 50 asubuhi moja. Lakini ningependa zile sekunde chache alizonazo kwa kila mama azitumie kusema jambo jingine: kichwa kikiuma bila kuacha, macho yakiona ukungu au vimulimuli, uso na vidole vikivimba ghafla, chembe ya moyo ikiuma upande wa juu wa tumbo, njoo siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ni kengele. Kuhusu kinga, kinachoshauriwa kwa sehemu zenye upungufu wa kalsiamu katika chakula, na kwetu ni sehemu nyingi, ni vidonge vya kalsiamu, na kwa wenye hatari kubwa, aspirini ya kiwango kidogo inayoandikwa na daktari kabla ya wiki ya 20. Hizo ndizo silaha.

Kwa hiyo kipimo ni kipi? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula. Dunia kwa wastani inakula zaidi ya mara mbili ya hapo, karibu gramu 11. Mama mwenye mimba isiyo na tatizo hana sababu ya kuikimbia chumvi ya chungu chake wala hana sababu ya kuifuata ya ziada.

Chungu chake, nimesema, na hapo ndipo ushauri wetu mwingi unapokosea njia. Unamsemesha mwanamke peke yake kana kwamba anapikiwa sufuria yake. Mjamzito wa Tandale, wa Likoni au wa Rombo anakula kilichopikwa kwa ajili ya wote. Mume amezoea mchuzi uliokolea. Mama mkwe anaonja na kusema hauna ladha. Ukimwambia apunguze chumvi, umemtuma akagombane na nyumba nzima akiwa na mimba ya miezi saba. Wa kusemeshwa ni nyumba nzima.

Na nyumba hiyo ihesabu vyote. Kuna vikolezo vya mchuzi vya pakiti na vya vidonge, ambavyo kiungo chake kikuu mara nyingi ni chumvi. Kuna ng'onda na papa, vitamu kwa ugali na nazi, ambavyo havina budi kulowekwa na kumwagwa maji kabla ya kupikwa. Kuna achari. Kuna mkate, ambao ulimi hauutambui kuwa na chumvi ingawa umo. Na kuna magadi, ambayo hakuna anayeyahesabu. Kilimanjaro yanaingia kwenye kiburu, kwingine kwenye mlenda na maharage ili yaive upesi. Magadi si chumvi ya kula kwa jina, lakini zaidi ya robo ya uzito wake ni sodiamu, ile ile inayopandisha presha. Mama aliyeambiwa aache chumvi huku maharage yake yakipikwa kwa magadi bado anakula sodiamu.

Kuna pia imani ya chumvi mbichi. Nimeisikia Tanga, nimeisikia Dodoma: chumvi iliyopikwa haina neno, inayodhuru ni ile ya kunyunyizia mezani. Moto hauibadilishi chumvi. Gramu moja ndani ya chungu na gramu moja juu ya kachumbari ni gramu moja ile ile kwenye figo. Imani hiyo ina faida moja tu, kwamba inamzuia mtu kuongeza asichokipima.

Moto unachoweza kufanya ni kupoteza madini joto, yaani iodini, na hapa naomba sauti yangu isikike vizuri, maana mtu akisoma makala kama hii anaweza kuamua kuhamia chumvi ya mawe isiyo na madini hayo kwa kuiona ya asili. Asifanye hivyo. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kila siku, kuliko mtu mzima wa kawaida nyumbani. Akiyakosa sana, ubongo wa mtoto haukui inavyopaswa, na hasara hiyo nayo hairudi. Wazee wa Iringa na Mbeya wanayakumbuka marovu yaliyokuwa yakining'inia shingoni mwa watu vijiji vizima, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto. Chumvi kidogo, yenye madini joto, imefunikwa, imewekwa mbali na jua na moshi, itiwe chungu kikikaribia kuiva.

Mtoto akishazaliwa, mlango mmoja bado uko wazi. Maziwa ya mama yana chumvi kidogo sana kwa asili yake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 1983 uliwafuata watoto wachanga 476, wengine wakilishwa chakula chenye sodiamu kidogo na wengine cha kawaida kwa miezi sita. Mwishoni presha ya kundi la kwanza ilikuwa chini kidogo. Miaka 15 baadaye walipatikana 167 kati yao, na tofauti bado ilikuwepo: vipimo 3.6 chini kwa ile namba ya juu ya presha. Miezi sita tu ya utotoni. Uji wa mtoto hauhitaji chumvi, na anayeuonja na kusema hauna ladha anauonja kwa ulimi wake mtu mzima.

Sitaki pia chumvi ibebeshwe mzigo wote. Katika nchi zetu kinachopunguza vichujio vya figo kwa uhakika zaidi ni uzito mdogo wa kuzaliwa, na nyuma yake kuna malaria inayojificha kwenye kondo, upungufu wa damu, mama asiyekula akashiba, mimba ya binti wa miaka 16, kuni na ndoo za maji kichwani hadi siku ya uchungu. Chandarua, dawa ya malaria inayotolewa kliniki na vidonge vya kuongeza damu ni ulinzi wa figo za mtoto, ingawa hakuna anayeviita hivyo.

Wala historia yetu haituachi. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kufika, presha zao zilikuwa zimeanza kupanda juu ya zile za waliobaki kijijini, na mikojo yao ilionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Mboga na ndizi zilikuwa zimebaki nyuma, chumvi ilikuwa imewapokea mjini. Leo wajukuu wa kizazi kile wanazaliwa Nairobi, Dar es Salaam na Mwanza kwa mama waliokulia katika chumvi hiyo. Mtoto aliyezaliwa mwepesi, mwenye vichujio vichache, akikabidhiwa sahani ya chipsi na soseji tangu ana miaka mitatu, anadaiwa na mwili kabla hajaanza shule.

Kuna hesabu moja ambayo kila nyumba inaweza kuifanya bila daktari. Watu wazima watano, kila mmoja gramu 5 kwa siku, ni gramu 25. Pakiti ya nusu kilo ya chumvi inapaswa kuwakalisha siku 20, na kwa kweli zaidi ya hapo, kwa kuwa mkate, magadi, ng'onda na vikolezo vimekwisha kuleta vyao. Kama nyumbani kwenu yuko mama kijacho, msimwambie yeye apunguze. Chukueni kalamu, andikeni tarehe ya leo juu ya pakiti mnayoifungua, na muiangalie itaisha siku gani.